Sifuri Nukta Sifuri

Hatua ya thelathini na nne. Nilikuwa na siku tano,
nne nikazimaliza nikisikiliza feni ikikohoa.
Kompyuta nimeipandisha juu ya matofali mawili
ipate kupumua kwa chini,
maana Oktoba ya Hombolo haimwonei huruma
hata aliyekaa kimya.

Ntandu yuko Singida, anauza alizeti kwa magunia.
Hatujaonana. Tuliafikiana mapema, kwa maandishi:
mashine ruksa, pande zote mbili,
asije mtu akajifanya mtakatifu.
Basi tunachezeana kama wafugaji
wenye mbwa wa uzao mmoja:
wangu akinusa, wake keshanusa.

Nikisogeza ngome, inajibu sifuri nukta sifuri.
Nikitoa kitunda sadaka: sifuri,
baada ya kufikiri kidogo,
kama karani wa mizani anayejua uzito
kabla gunia halijapanda.

Saa tatu na robo usiku luku ikaisha.
Betri ya mashine hii ilikufa masika ya mwaka juzi.
Feni ikashusha pumzi, kioo kikawa cheusi,
nikabaki na ubao wa mbao,
tochi ya simu, asilimia kumi na tisa,
na mwanangu Chedego akisema kutoka chumbani:
"Afadhali. Sasa tulale."

Sikulala.
Nikautazama ubao kama mzabibu kabla ya kupogoa.
Mgeni huona matawi, akayapenda yote.
Mkono uliozoea hutafuta jicho,
huhesabu mawili, hukata bila kuomba radhi.
Askofu wangu alisimama g2, anahubiri uwanja mzima,
na ndiye aliyeziba mlango wa mfalme.
Nikamrudisha h1, kwenye kona,
kama kiti unachosukumia ukutani
ili watu wapite.
Chaji ilitosha kutuma.

Asubuhi nikanunua uniti za elfu tano.
Mashine ikaamka, ikaisoma hatua yangu,
ikaiweka ya sita katika orodha yake.
Sifuri nukta sifuri, ikasema,
bila hata kukasirika.

Ntandu alikaa siku zote tano.
Mfalme wangu akatoka: g2, h3, h4, g5,
mchana kweupe,
kama mwenye shamba anayekagua mipaka.
Hatua ya arobaini na moja Ntandu akaandika:
"Nimeshindwa. Hongera, dada."

Nikanywa soda. Nikamweleza hata fundi wa pampu,
ambaye hajui sataranji na alifurahi sana.

Kisha nikafanya kosa la wapenda ukweli:
nikaurudia mchezo.
Usiku wa kwanza, wa pili, feni ikikohoa,
mashine ikachimba pale pale alipoinua mikono,
na usiku wa tatu, kina cha hamsini na mbili,
ikafika majini.
Farasi wake d5, na nikienda popote:
sifuri nukta sifuri.
Hakuwa ameshindwa.

Siku mbili nikakaa na farasi huyo kooni.
Pointi imeshaandikwa. Nani angejua?
Angejua yeye, siku akiamua kuuliza.
Nikamwandikia. Sikuweka maua.
"Farasi d5. Angalia."

Jibu likaja Jumapili, watu wakitoka kanisani:

"Nimeiona leo. Mwezi ule wote
transfoma yetu ilikuwa imeungua.
Nilikuona unakuja na mfalme, mguu kwa mguu,
nikasema hii si mashine,
huyu ni mtu, na kuna kitu anakijua.
Nikaogopa."

Nimeisoma mara nyingi kuliko mchezo wenyewe.
Maana sikukijua kitu.
Nilikuwa gizani, nasogeza kiti.

Tumeanza mwingine. Yeye ana nyeupe.
Uniti zimebaki kumi na moja nukta nne,
na sijaamua kama ninunue.